Saa ya mkono ya kazi ngumu: niangalie nini kabla ya kununua?

Zege_na_Nondo

Wakuu, habari za kazi. Natafuta saa ya mkono ya kushinda nayo kazini kila siku. Kazi ni ujenzi: zege, kufunga nondo, kuchimbua ukuta kwa drili ya nyundo, na mara nyingine grainda na kuchomelea. Kwa hiyo saa inakutana na vumbi la saruji, jasho la kutwa, maji ya kuoshea vifaa na kugongana na chuma kila wakati.

Nilizovaa awali zilikufa kwa namna tatu: kioo kujaa mikwaruzo hadi saa haisomeki juani, pini ya mkanda kuchomoka saa ikaanguka, na ukungu kuingia ndani ilhali mfuniko wa nyuma umeandikwa mita 30.

Naomba wanaozijua saa kiundani wanifafanulie. Ya namba au ya mishale? Otomatiki (isiyo na betri, inayojijaza kwa mwendo wa mkono) inavumilia mtikisiko wa drili? Kioo cha safaya kinastahili ile nyongeza ya bei? Hizi mita 30, 100 na 200 zina maana gani kwa mtu asiyezamia? Na mkanda upi unadumu?

---

Kwatzi32768

Umefanya vema kutaja kilichoziua zile za mwanzo, maana hapo ndipo pa kuanzia. Wengi huanza na jina la kampuni.

Nizungumzie mashine ya ndani. Saa ya namba haina kinachotembea ndani yake: ni betri, sakiti, kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na skrini. Ukiigonga hakuna gurudumu la kuchomoka wala mshale wa kulegea. Saa ya betri yenye mishale ina mota ndogo inayosukuma magurudumu, kwa kawaida hatua moja kila sekunde. Kipigo kikali kinaweza kuulegeza mshale kwenye mhimili wake. Utaigundua kwa jambo moja: mshale wa dakika uko juu kabisa kwenye 12, lakini wa saa haujafika kwenye namba, umebaki njiani. Mishale mirefu na mizito ndiyo inayopata shida zaidi.

Otomatiki nakushauri uiache nyumbani siku za drili. Ndani yake kuna gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi, na ncha za mhimili wake ni nyembamba karibu sawa na unywele. Mifumo kama Incabloc na Diashock ya Seiko hukizungushia kile kijiwe cha ncha springi ndogo, kikapata nafasi ya kusogea saa inapodondoka kisha kurudi mahali pake. Hiyo ni kinga dhidi ya kipigo kimoja. Drili ya nyundo inapiga maelfu ya mapigo kwa dakika, na huko kinachotokea ni kingine: skrubu ndogo zinalegea, ule uzani unaozunguka kujaza saa unakula beringi yake, na springi nyembamba ya mizani inaweza kugusana mizunguko yake. Ikigusana, saa inakimbia dakika nyingi kwa siku. Hata bila drili, mashine maarufu ya otomatiki ya NH35 imekadiriwa na watengenezaji kupotea kati ya sekunde 20 nyuma na 40 mbele kwa siku. Saa ya kawaida ya betri hupotea kama sekunde 15 kwa mwezi.

Kwenye kipigo, tafuta neno la kustahimili mshtuko lililo chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 1413. Kipimo chake ni sawa na kudondoka kutoka mita 1 juu ya ubao mgumu. Maabara hutumia nyundo ya kilo 3 inayoigonga saa kwa kasi ya mita 4.43 kwa sekunde, mara moja ubavuni na mara moja kwenye kioo. Ni kipimo kizuri kwa mtu wa ofisini. Kwako ni mwanzo tu.

Ndiyo maana G-Shock za Casio za umbo la mraba hazijaondoka kwenye mazungumzo haya tangu ile ya kwanza, DW-5000C, ilipotoka mwaka 1983. Lengo la Kikuo Ibe, mhandisi wa Casio, na wenzake lilikuwa saa ya kudondoka mita 10, kuhimili shinikizo la maji la bari 10 (sawa na kina cha mita 100) na betri ya miaka 10. Siri yake haiko kwenye unene wa plastiki. Mashine imeshikwa kwa sehemu chache tu ndani ya kasha na kuzungukwa na nafasi, kwa hiyo kipigo cha nje hakifiki moja kwa moja. Na ukingo wa plastiki umepanda juu kuliko kioo.

Kwa kazi yako ningechukua DW-5600 ya betri, au GW-M5610 ya sola, zote za mita 200. Ukitaka nyepesi na ya bei ndogo, Casio W-800H na AE-1200WH ni za mita 100, betri yake CR2025 imekadiriwa miaka 10. Kioo chake ni cha plastiki, ila naamini wengine watalieleza hilo.

Toleo linalopokea mawimbi ya redio ili kujirekebisha, GW-M5610 ikiwemo, usililipie kabla ya kuangalia ramani. Vituo vinavyotumika ni sita: viwili Japani, na kimoja kimoja Marekani, Uingereza, Ujerumani na China. Ukiwa mbali navyo unabaki na saa ya kawaida, nzuri tu, lakini umelipia kisichofanya kazi.

---

RabaNaGrisi

Mimi nishike upande wa maji, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotoshwa.

Mita zilizoandikwa mgongoni ni shinikizo la maabara, maji yametulia na saa ni mpya. Kila mita 10 za maji ni kama bari 1, basi mita 30 ni bari 3. Utasikia wakisema ukipunga mkono majini shinikizo linaruka na kuishinda saa ya mita 30. Piga hesabu: mkono ukienda kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, nyongeza ni kama bari 0.125, yaani maji ya kina cha mita 1 na robo. Si kitu. Saa ya mita 30 haifi kwa kupunga mkono.

Inakufa kwa raba. Kuna raba ya mfuniko wa nyuma, raba ya kifundo (kile cha pembeni unachovuta kurekebisha majira), raba ndogo za kila kitufe, na ya kuzunguka kioo. Saa za mita 30 huwa na raba moja nyembamba kwenye kifundo na mfuniko wa kubana tu bila nyuzi. Jasho lina chumvi, sabuni inayafanya maji yapenye kirahisi, joto linaikausha raba ikapoteza unyumbufu. Halafu kuna ubaridi wa ghafla: saa imepata moto juani, unaichovya kwenye ndoo ya maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia raba iliyochoka. Ukungu wako nadhani ulikuja kwa njia hiyo.

Kwa hiyo chukua mita 100 kama kiwango cha chini na 200 ukiweza. Hutafika kina hicho. Unachonunua ni raba nene zaidi, mfuniko wa nyuzi au wa skrubu nne, na kwa saa za mishale kifundo cha kukaza kwa nyuzi. Hicho cha nyuzi kina masharti: kisipokazwa, saa ya mita 200 haina uhakika wowote. Ukikirudisha, kizungushe kwanza kinyume kidogo hadi usikie nyuzi zimekaa, kisha kaza kwa vidole tu. Ukilazimisha nyuzi zikapishana, hapo umeshapoteza ile kinga.

Tahadhari kubwa kwa watu wa ujenzi na magari: mashine ya kuoshea kwa presha. Nyingi zinatoa bari 100 na zaidi, na saa ya mita 200 ni bari 20. Usiilenge saa hata kwa utani. Na usibonyeze vitufe saa ikiwa chini ya maji, isipokuwa ile iliyotengenezwa kwa hilo.

Unapoosha saruji, tumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na mswaki laini, uzungushe pembeni mwa kila kitufe. Fanya siku hiyohiyo. Saruji ikigandia kwenye shina la kitufe, kila unapokibonyeza zile chembe zinasaga raba.

Kuna kipimo cha kujua kama unyevu umeshaingia, na unaweza kukifanya mwenyewe. Iweke saa juu ya kitu chenye joto la nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 10 hadi 20, kioo kikiangalia juu. Dondoshea tone la maji ya kawaida, nyuzi 18 hadi 25, katikati ya kioo. Subiri dakika 1, futa kwa kitambaa kikavu. Ukiona duara la ukungu upande wa ndani pale tone lilipokuwa, kuna maji ndani na saa inatakiwa kufunguliwa. Usiianike juani ikiwa imefungwa: unyevu hautoki, unazunguka humo humo na kuleta kutu kwenye sakiti. Fungua mfuniko, toa betri, iache mahali pakavu penye hewa, kisha weka raba mpya kabla ya kufunga.

---

MikwaruzoSifuri

Suala la kioo linaamuliwa na mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi iliyo ndani ya mchanga ni 7. Kioo cha kawaida kilichokomazwa kiko kati ya 5 na 6, plastiki iko chini zaidi, safaya ni 9, almasi 10. Kwa maana hiyo kila ukifuta vumbi la saruji na mchanga kwenye kioo cha kawaida kwa kidole gumba, umekipiga msasa. Huna haja ya kukigonga popote. Safaya haijali mchanga hata kidogo.

Ila wewe umetaja grainda, na hapo maneno ya wauzaji yanagonga mwamba. Chembe za diski nyingi za kukatia na kusagia ni oksidi ya alumini, ambayo ni madini yaleyale ya safaya, na nyingine ni silikoni kabaidi, ngumu kuliko safaya. Hizo zitaikwaruza. Cheche za moto nazo zinagandia kwenye kioo cha kawaida na kuacha vidoti ambavyo havitoki.

Pia ugumu si sawa na kutovunjika. Safaya ikigongwa ukingoni na kona ya nondo inaweza kumeguka, na vipande vyake vinaingia ndani na kuzuia mishale. Plastiki inapinda, inakwaruzika upesi, lakini haivunjiki kirahisi na mikwaruzo midogo unaisugua kwa dawa ya kung'arishia plastiki ikaisha. Kioo cha kawaida kiko katikati kwa yote mawili.

Kinachosaidia kuliko aina ya kioo ni mahali kioo kilipo. Chukua rula ya chuma, ilaze juu ya uso wa saa kwa upande wake mwembamba, izungushe pande zote. Rula ikigusa ukingo kabla ya kioo, ukingo utapokea vipigo. Ikigusa kioo kwanza, kila ukuta utakaopitisha mkono utakutana na kioo. Kioo kilichobinuka kinavutia dukani, kwa kazi yako kikwepe. Kwepa pia safaya yenye rangi ya kuzuia mng'ao upande wa nje, kwani rangi hiyo ndiyo inayokwaruzika huku kioo chenyewe kikiwa salama.

Kwenye kasha: chuma kisichoshika kutu cha 316L kina ugumu wa karibu 200 kwa kipimo kingine cha ugumu, Vickers, kitapata mikwaruzo lakini hakioneshi haraka kikiwa cha msasa badala ya kung'aa. Titani ina gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma ni karibu 8, na haina nikeli inayowasha ngozi. Titani tupu hukwaruzika upesi kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa imekomazwa juu, mfano ile Citizen wanayoiita Duratect, ugumu wa uso unapita 1,000, na hapo ndipo titani inapolipa. Rangi nyeusi ya kupakwa juu ya chuma itachubuka ukingoni. Ukiipenda, jua hivyo mapema.

Kwa anayetaka mishale na kazi ngumu, naipendekeza Citizen Promaster BN0150: ya sola, mita 200, imepimwa kwa kiwango cha wazamiaji cha ISO 6425, ikijaa inakaa kama miezi 6 gizani. Kioo chake ni cha kawaida, si safaya. Victorinox I.N.O.X. ya mwaka 2014 ina safaya, nayo ilitangazwa na majaribio 130 ya ustahimilivu. Ni nzito.

---

Zege_na_Nondo

Shukrani wakuu, mmenifungua macho. Nimejaribu ile ya rula kwenye saa niliyonayo, inagusa kioo kwanza. Naona naelekea kwenye ya namba ya mraba. Lakini mkanda hamjaugusa, na ndio ulionipotezea saa. Kingine, ngozi inawasha chini ya saa kila jioni, inakuwa nyekundu. Ni nikeli au ni mkanda?

---

MkandaKwanza

Kuwashwa kwako, kwa mtu wa zege, nashuku kwanza saruji. Zege bichi lina pH ya 12 hadi 13, yaani ni alkali kali. Uji wake ukinaswa kati ya mkanda na ngozi unachoma taratibu, bila maumivu ya ghafla, na mkanda unaushikilia hapo kutwa. Uondoe mkanda, osha mkono kwa maji mengi kila unapohisi umelowa zege. Wekundu ukiwa na umbo la mfuniko wa nyuma tu, na unakuja hata siku usizoshika saruji, ndipo ufikirie nikeli. Ngozi ikianza kutoka malengelenge, usisubiri, muone daktari.

Sasa pini. Pini nyingi za springi zina unene wa milimita 1.5, na hizi ndizo zinazopinda. Masikio ya saa (vishikio vya kasha pini inapoingia) yakiruhusu, weka za 1.8, saa za wazamiaji za Seiko hutumia za 2.5. Ncha ya pini lazima ijae kwenye tundu la sikio. Ikicheza inalila tundu, tundu linakuwa yai, na siku moja pini inatoka kwa kuvutwa tu. Jaribu hivi: shika kasha kwa mkono mmoja, mkanda kwa mwingine, sukuma na vuta kwa nguvu kisha zungusha. Ukisikia chuma kikigongana, badilisha. Pini zenyewe ni bei ya karanga ukilinganisha na saa, kwa hiyo nyingine mpya kila mwaka si gharama, na jasho likiingia ndani ya springi inaota kutu bila kuonekana.

Tiba ya kupoteza saa ni mkanda wa kipande kimoja unaopita chini ya pini zote mbili. Pini moja ikikatika, saa inabaki imening'inia kwenye nyingine. Jeshi la Uingereza liliandika kiwango cha mkanda wa nailoni wa aina hii mwaka 1973, na muundo haujabadilika sana. Kasoro yake ni kwamba nailoni inakunywa maji, na kwako maji ni uji wa saruji. Kuna ya mtindo huohuo ya raba, hiyo ndiyo bora kwa zege.

Kuhusu raba: silikoni ni laini na nafuu ila inavuta vumbi, na ikipata mkato mdogo pembeni inachanika yote. FKM, ile raba ya florini, inahimili mafuta, jasho na jua kuliko zote, na bei yake inapanda. Mikanda ya plastiki ya G-Shock inavalika vizuri, lakini unyevu unaivunjavunja kikemia baada ya miaka mingi; itaanza kupasuka kwenye matundu ya kufungia. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET zinayeyusha plastiki, jipake kwanza, mikono ikauke, ndipo uvae. Ngozi sahau. Bangili ya chuma inabana nywele, inashika saruji kwenye viungo, na ina hatari nitakayoitaja.

Nayo ni hii, na naomba isomwe na kila anayepita hapa. Mkanda usiokatika ni hatari kwenye mashine inayozunguka. Mashine ya kukereza, mashine ya kuchanganyia zege, mkanda wa injini, drili ya meza: vua saa, iweke mfukoni au ifunge kwenye tanzi la suruali. Mkanda ukinaswa, ama ukatike ama mkono uende nao. Na ukifanya kazi kwenye betri ya gari vua bangili ya chuma, kwa sababu betri ya volti 12 inaweza kutoa ampea mamia. Bangili ikigusa ncha zote mbili inakuwa nyekundu ukiwa umeivaa.

Mwisho, usivae saa ikicheza. Inayocheza inapata mwendo kabla ya kugonga. Kidole kidogo kipite kwa shida chini ya mkanda, basi.

---

Cheche_Baridi

Nakubaliana na mengi, ila napinga kwamba plastiki ya mraba ni jibu la kila kitu. Kwa anayechomelea, cheche moja nene inatoboa ukingo wa plastiki au kukata mkanda wa nailoni, na hakuna dawa. Chuma hapo kinashinda. Ukiamua kubaki na plastiki, ifunike: glavu ndefu za ngozi za kuchomelea zipite juu ya saa, au vaa saa mkono usioshika elektrodi na uvute mkono wa koti juu yake.

Kitu kingine ni sumaku. Mkondo wa kuchomelea na sumaku za kushikia vyuma zinaitia otomatiki sumaku hadi ikakimbia. Kinga ya kawaida dhidi ya sumaku, kiwango cha ISO 764, ni ampea 4,800 kwa mita tu, na sumaku za kisasa za kushikia vyuma zikigusana na saa zinapita hapo. Saa ya betri yenye mishale inasimama ikiwa karibu na sumaku na kuendelea ukiiondoa, ila dakika zilizopotea hazirudi. Ya namba haisumbuki. Hapo nampa haki Kwatzi.

---

Kwatzi32768

Cheche_Baridi yuko sahihi kuhusu cheche. Ukingo na mkanda wa DW-5600 hata hivyo ni vipuri vinavyobadilishwa peke yake, mashine ikabaki ileile. Mkanda wake una upana wa milimita 16 pale kwenye kasha, hivyo mkanda wa kawaida wa 20 au 22 hauingii bila adapta.

Kuhusu bandia, kwani aina hizi ndizo zinazoigwa sana: nyuma ya G-Shock kuna namba ndani ya kisanduku kidogo, ndiyo namba ya mashine. Linganisha na maelezo ya toleo unalouziwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, na ujaribu kila kazi iliyoandikwa humo: taa, kengele, saa ya kuhesabu nyuma. Zilizoigwa mara nyingi zina mishale au duara zilizochorwa tu bila kufanya kazi. Kwenye F-91W, bonyeza kitufe cha kulia na kukishikilia sekunde 3 au zaidi. Halisi inaandika jina la kampuni kwenye skrini. Isipoandika, iache. Ikiandika, endelea kukagua mengine, maana waigaji nao hujifunza.

F-91W ni saa nzuri ya gramu 21, lakini haina kinga ya mita 100. Kwa zege ni ya akiba.

---

Zege_na_Nondo

Nimeamua: mraba, mita 200, mkanda wa raba wa kupita chini kwa adapta, na glavu ndefu siku za kuchomelea. Swali la mwisho: sola au betri? Na betri naweza kubadilisha mwenyewe bila kuharibu ile kinga ya maji?

---

RabaNaGrisi

Sola, kama mkono unapata mwanga. Faida yake kwako si kuokoa pesa ya betri. Ni kwamba mfuniko haufunguliwi mara kwa mara, na saa nyingi huanza kuingiza maji baada ya kufunguliwa na asiyejali raba. GW-M5610 ikijaa inakaa kama miezi 10 kwa matumizi ya kawaida bila mwanga. Ukivaa glavu ndefu na mikono mirefu kila siku, ilaze dirishani siku ya mapumziko, lakini si kwenye dashibodi ya gari, joto la huko linaweka skrini nyeusi na kuchosha betri. Betri yake ni CTL1616 ya kuchajiwa. Usiruhusu mtu aweke CR1616 ya kawaida kwa sababu vipimo ni sawa. Ile haichajiwi na inaweza kuvimba au kuvuja.

Ukichukua DW-5600, betri ni CR2016, na ndiyo, unaweza. Safisha saa yote kwanza, hasa vichwa vya skrubu, kwani mchanga ukibaki humo bisibisi inateleza na kula kichwa. Tumia bisibisi ndogo inayojaa vizuri kwenye msalaba, sukuma chini kuliko unavyozungusha. Skrubu nne zikitoka, inua mfuniko polepole ukiangalia upande wake wa ndani na mashine. Kuna springi ndogo sana inayounganisha mashine na mfuniko kwa ajili ya mlio. Ikiruka hutaiona tena.

Toa raba kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa sindano. Ikiwa imelala bapa au ina nyufa ukiikunja, weka mpya ya saizi ileile. Pangusa mfereji wake hadi kusibaki hata uzi wa kitambaa, kwani uzi mmoja chini ya raba ni njia ya maji. Ipake grisi ya silikoni kiasi cha kuifanya ing'ae tu, si ya kujaa. Mafuta ya kujipaka mwilini hayafai, yanalainika kwa joto na kufika kwenye sakiti.

Betri ishike kwa kibanio cha plastiki, au cha chuma ukishika ubavuni, usiunganishe pande zake mbili. Ikishakaa na kufungwa kibano chake, tafuta neno AC kwenye mashine. Kwa kibanio cha chuma gusisha sehemu hiyo na upande chanya wa betri kwa sekunde 2 hivi. Usipofanya hivyo skrini inaweza kubaki tupu au ikaandika vitu visivyoeleweka, na watu huitupa saa nzima wakidhani imeungua.

Rudisha springi, raba na mfuniko. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo kila moja, hadi zote zimegusa, kisha robo mzunguko tena. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, mfuniko unakaa upande na raba inabanwa vibaya. Kabla ya kuipeleka kazini bonyeza taa na kengele. Taa ikiwaka na kengele ikanyamaza, mashine ni nzima. Fungua tena utafute ile springi.